Somo: Wasomaji wa tovuti warudishwe kwa barua pepe, mitandao ivute wapya

Mfuasi wa Facebook ni wa Facebook, si wako. Januari 2018 kampuni hiyo ilitangaza kwamba itatanguliza machapisho ya ndugu na marafiki, na kurasa nyingi zikakosa watu. Uganda ikawa zaidi: Januari 2021, kuelekea uchaguzi, Facebook ilifungwa, na miaka ikapita bila kufunguliwa. Mwenye orodha ya barua pepe aliendelea kuwafikia watu wake.

Hatua ya 1. Weka fomu ya kujisajili mwisho wa kila makala. Omba barua pepe tu. Ukidai na namba ya simu wengi wataghairi. Sema utatuma nini na lini, kwa mfano "bei za mazao, kila Alhamisi". Anayejisajili atumiwe kiungo cha kuthibitisha.

Hatua ya 2. Hii ndiyo watu huiruka, kisha wanalalamika barua zinaishia kwenye spamu, yaani folda ya barua taka. Tuma kwa anwani ya domeni yako, yaani jina la tovuti yako, usitumie ya Gmail. Kwenye mipangilio ya DNS, yaani pale domeni yako inapoelekezwa, ongeza rekodi za SPF, DKIM na DMARC, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli; huduma unayotumia kutuma itakupa maandishi ya kunakili. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanazidai kwa watumaji wakubwa. Gmail huhesabu mkubwa kuanzia barua 5,000 kwa siku, na hutaka malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3. Hata kama una wasomaji 80, ziweke mapema. Kitufe cha kujiondoa kionekane. Asiyekiona atabonyeza "spamu".

Hatua ya 3. Andika kifupi: jambo moja, kiungo kimoja cha kwenda kwenye tovuti. Picha ziwe nyepesi, watu wanasoma kwa bando.

Hatua ya 4. Kwenye mitandao, toa kipande kitamu cha makala na uwaelekeze kwenye fomu. Basi.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Nina barua pepe za wateja wa dukani, niwaingize tu?

Marahaba. Hapana, waombe kwanza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019. Na asiyekuomba ndiye wa kwanza kukuripoti.

Wasomaji wangu wako WhatsApp, barua pepe hawagusi. Nifanyeje?

Wafuate huko, fungua chaneli. Ila chaneli haikupi namba za wanaokufuata, kwa hiyo ikifungwa huna pa kuwatafuta. Wanaotumia barua pepe kazini au chuoni anza nao.

Mfumo unaonyesha wengi wamefungua, lakini tovutini hawaji. Kulikoni?

Mfumo huhesabu barua imefunguliwa pale picha iliyofichwa ndani yake inapopakuliwa. Tangu 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kupakua picha yenyewe, hivyo barua huhesabiwa imefunguliwa hata kama haikusomwa. Ndugu yangu, angalia waliobofya kiungo na waliokujibu.