Kupika Colombia uliyoiona kwenye runinga

Vipindi vya safari na mapishi vikitua Colombia havikosi picha tatu: wanawake wa Cartagena wenye magauni ya rangi kali na karai la matunda kichwani, sahani ya bandeja paisa (maharage, wali, nyama, yai na ndizi kwa pamoja) inayokaribia kumwagika, na mtangazaji anayejikaza mbele ya sisimizi wa kukaangwa. Kati ya picha hizo chakula kinapikwa kweli, ila kwa sekunde chache. Ukitaka kukipika nyumbani, kazi yako ni kurudisha jikoni yale ambayo mhariri ameyakata.

Tazama mara ya kwanza bila kuandika chochote isipokuwa majina ya miji. Milima ya Andes hugawanyika nchini Colombia kuwa safu tatu, na nchi ina pwani mbili, ya Karibi na ya Pasifiki, kwa hiyo jina la mji linakuambia zaidi ya jina la chakula. Jina lisipotajwa, angalia viungo. Viazi na supu nzito vinakupeleka Bogotá, mji mkuu, na mkoa jirani wa Boyacá. Maharage mekundu, nguruwe na arepa (mkate bapa wa mahindi) nyeupe isiyotiwa chumvi ni mkoa wa Antioquia. Nazi, samaki, mihogo na ndizi mbichi za kukaanga ni pwani.

Bandeja paisa ndiyo inayopotosha zaidi. Ni chakula cha Antioquia na maeneo jirani ya kahawa, lakini vipindi vinakiita chakula cha taifa zima, kana kwamba kila mtu hula mlima huo kila mchana. Mlo wa mchana wa mfanyakazi wa kawaida ni corrientazo: supu, wali, maharage au dengu, kipande kidogo cha nyama, ndizi na glasi ya juisi. Haupigwi picha kwa sababu haushangazi. Kwa asiyekula nguruwe, ajue kwamba maharage ya kipaisa, yaani ya watu wa Antioquia, mara nyingi huchemshwa pamoja na kwato zake hata kama kamera haikuzionyesha.

Wale sisimizi, hormigas culonas wa mkoa wa Santander, ni malkia wenye mabawa wanaotoka ardhini msimu wa mvua. Hung'olewa mabawa na miguu, huloweshwa maji ya chumvi, kisha hukaangwa bila mafuta. Mla senene wa Bukoba hatauona ujasiri wowote hapo. Nao wale wanawake wenye karai wanaitwa palenqueras. Asili yao ni San Basilio de Palenque, kijiji cha Waafrika waliotoroka utumwa, ambacho lugha yake bado ina maneno ya Kikongo. Kipindi kinachowaonyesha dakika nzima bila kuuliza wanauza nini kimekupunja: pamoja na matunda, wao ndio wenye alegrías, vidonge vya mtama vilivyoshikanishwa kwa sukari guru, nazi na anisi.

Sufuria haidanganyi

Mara ya pili, sahau maneno na uangalie sufuria. Mchuzi ukishuka ghafla kati ya picha mbili, muda umekatwa. Kitunguu kibichi kikigeuka kahawia bila mwiko kugusa, hapo pamepita dakika ishirini au zaidi. Mara nyingi sufuria mbichi huondolewa na ya pili, iliyokwisha kuiva, huwekwa mahali pake. Simamisha picha, andika hali ya kabla na ya baada, halafu kadiria.

Kadiria pia mwinuko. Bogotá iko takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi. Nairobi ni kama 94, Dar es Salaam na Mombasa 100. Ukifuata dakika za Bogotá ukiwa pwani, viazi vitavurugika kabla hujaepua. Punguza muda kwa robo kisha pima kwa ncha ya kisu. Mapishi ya Cartagena hayana shida hiyo, mji uko baharini.

Wali wa nazi wa Cartagena

Hapa mpishi wa Kiswahili anaweza kudhani hana la kujifunza, na ndipo anapoharibu. Kwetu tui zito huingia mwisho, wali ukikaribia kukauka. Cartagena huingia kwanza, peke yake, nalo hupikwa mpaka likatike na kukaangika. Mashapo ya kahawia yanayobaki huitwa titoté, na ndiyo yanayoupa wali rangi na ladha. Runinga huonyesha wali wa kahawia na kuruka hatua hiyo, mtazamaji akadhani ni mchuzi wa soya.

Zikune nazi mbili kubwa, ukamue mililita 400 za tui zito bila kuzidisha maji, kisha vikombe vinne vya tui la pili. Tui zito liweke kwenye sufuria nene, moto wa wastani. Dakika kumi za kwanza litachemka tu. Baadaye mafuta hujitenga na chembe nyeupe huanza kushika chini, hapo usiondoke. Koroga ukikwangua, dakika 20 hadi 25 kwa jumla, mpaka chembe ziwe na rangi ya karanga zilizokaangwa. Ongeza vijiko viwili vya chakula vya sukari guru iliyokwanguliwa (hiyo ndiyo panela yao), iyeyuke, halafu mimina vikombe vitatu na nusu vya tui la pili na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Likichemka tia vikombe viwili vya mchele uliooshwa na kuchujwa. Maji yakifika usawa wa mchele, funika, punguza moto kabisa, uache dakika 20. Kikombe nusu cha tui kilichobaki ni akiba wali ukiwa mgumu.

Titoté ikiwa nyeusi, mwaga uanze upya, kwani uchungu wake hauondolewi na sukari. Tui la kopo likikataa kujitenga hata baada ya nusu saa, soma lebo: limetiwa kishikanishi kinachozuia mafuta yasijitenge.

Arepa bila unga wa ugali

Kosa la kawaida ni kukanda sembe kwa maji moto. Kidonge kinashikana mkononi na kupasuka kikaangoni. Unga wa arepa hutengenezwa kwa mahindi yaliyokwisha kupikwa kisha kukaushwa, na wanga uliokwisha kuiva ndio unaoshika. Hauuzwi kila mahali, lakini njia ya zamani inawezekana kabisa: mahindi meupe yaliyokobolewa, yale yale ya kande, au muthokoi kwa Kenya.

Loweka nusu kilo usiku kucha. Chemsha saa moja na nusu mpaka punje ikibanwa kwa vidole ivunjike bila kurojeka. Chuja vizuri. Saga yakiwa bado vuguvugu kwa mashine ya kusagia nyama, mara mbili, tundu ndogo. Usitumie blenda: itadai maji, utapata uji. Kanda dakika tano, tengeneza visahani vya upana wa kiganja na unene wa sentimita moja, uchome kwenye chuma cha chapati kisicho na mafuta, dakika sita kila upande. Kingo zikipasuka wakati wa kutengeneza, lowesha viganja, usiuongezee donge maji.

Arepa ya Antioquia haina ladha kubwa na haikusudiwi kuwa nayo. Huliwa na siagi na jibini, au na hogao: nyanya nne na mashina sita ya vitunguu majani, vikatwe vidogo, vipikwe kwa vijiko vitatu vya mafuta na bizari nyembamba kidogo, moto mdogo, dakika 20.

Ajiaco, na majani yanayoota shambani

Sehemu ya Bogotá katika mfululizo wa Netflix wa mwaka 2020, Street Food: Latin America, inatupeleka soko la La Perseverancia, na inastahili kutazamwa kwa sababu kamera inabaki na wapishi. Ajiaco ni supu ya kuku yenye viazi vya aina tatu: sabanera isiyovunjika, pastusa inayovunjika nusu, na criolla, kadogo ka manjano, inayoyeyuka na kuwa uzito wa supu.

Criolla usipoipata, tumia viazi vya unga (Shangi kwa Kenya hufaa). Chemsha kuku wa kilo moja na nusu katika lita tatu za maji na kitunguu, punje mbili za saumu, fungu la dania na chumvi. Akiiva, mtoe umchambue. Tia gramu 700 za viazi vya unga vilivyokatwa vyembamba, chemsha dakika 30 ukikoroga. Kisha gramu 700 za viazi vigumu, vipande vinene, na mahindi mabichi mawili yaliyokatwa vipande vitatu vitatu. Dakika 20 zaidi. Usisage supu kwa mashine ili iwe nzito haraka, wanga wa viazi ukipigwa hugeuka gundi.

Ladha ya ajiaco ni guascas, majani ambayo vipindi huyaita siri ya Andes. Mmea wenyewe, Galinsoga parviflora, ni gugu katika mashamba ya kahawa na mahindi ya nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Utautambua kwa majani yanayokaa mawili mawili yakitazamana, kingo zenye meno madogo, na ua dogo kuliko punje ya hindi, kati manjano, pembeni petali tano nyeupe fupi zenye ncha tatu. Kama huna uhakika, usichume. Usichume pia kwenye shamba lililopigwa dawa. Nusu kikombe cha majani mabichi, au vijiko viwili vya makavu, huingia dakika kumi za mwisho. Yakichemka muda mrefu harufu hupotea.

Rudisha kuku, pakua, na uweke mezani parachichi, malai, wali kidogo na alcaparras, vifumba vya maua vilivyohifadhiwa kwa siki. Suuza vifumba hivyo kwanza, na usiongeze chumvi kwenye supu kabla ya kuionja pamoja navyo. Ikilala, kesho itakuwa nzito kama rojo: ipashe kwa maji ya moto kikombe kimoja na majani mapya machache.