Kabla hamjaenda kuwaona walinda amani wetu

Kwaya, kikundi cha akina mama au familia za askari hapa Kigoma wakishakubaliana kwenda kuwashukuru vijana wetu walioko misheni, hoja ya kwanza mezani huwa nauli. Ianze ruhusa. Askari hana mamlaka ya kupokea wageni kambini, hata kama amemwambia mama yake kwa simu, "Njooni tu." Barua ipitie jeshini mapema, na kila msafiri aandikwe kwa jina la kwenye pasipoti. Michango isikatiwe tiketi kabla jibu halijarudi.

Halafu kuna ramani. Siku ikiwa angavu milima ya Kongo tunaiona ng'ambo ya ziwa, ndiyo maana wapo wanaodhani boti ya Uvira au Kalemie inamaliza kazi. MONUSCO, misheni ya Umoja wa Mataifa ya kulinda amani Kongo, ilishaondoka Kivu Kusini Juni 2024, na vijana wetu kwa miaka mingi wamekuwa upande wa Beni, Kivu Kaskazini, mbali sana na ziwa letu. Huko mgeni atategemea ndege ya Umoja wa Mataifa, na asiye mtumishi wao husaini kwanza fomu kwamba likimkuta la kumkuta hatadai fidia. Isomeni nyumbani na mume au mke, si uwanjani foleni ikisukuma. Kama safari ni ya Berbérati, Jamhuri ya Afrika ya Kati, tafuteni pia anayejua Kifaransa.

Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Cheti chake sasa ni cha maisha. Dawa za kinga ya malaria muulizeni daktari.

Zawadi ndipo watu wanapoharibu. Galoni la mawese likivuja kwenye mzigo wa ndege, mtachukiwa na abiria wote. Chukueni dagaa waliokaushwa kwenye chanja, maana wa mchangani hukwaruza meno hata ukiwaosha mara tatu. Wakaangeni kavu, wapoe kabisa, ndipo mfunge mifuko miwili miwili. Ulizeni kwanza kibali cha kuvusha samaki. Barua za watoto hazina uzito wala harufu, na kwa maoni yangu zinashinda kanga na keki zote.

Nguo za mabaka-mabaka ziacheni. Kwetu raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi, na kule zinaweza kukuponza. Picha za kambi, magari na lindo zisipigwe bila idhini, sembuse kurushwa kwenye kundi la WhatsApp.

Hotuba iwe fupi. Msiwaulize wameua wangapi, wala msiwachokonoe kuhusu Semuliki, kambi iliyovamiwa Desemba 7, 2017 na wenzao wengi wakauawa. Akianza mwenyewe, msikilizeni. La sivyo ongeeni Simba na Yanga, bei ya migebuka, nani kaoa.

Mwisho, tengeni akiba ya siku kadhaa za ziada. Ndege za misheni huahirishwa kwa mvua au usalama, na treni ya Kigoma haitawasubiri Dar.