Somo: Namna ya kumpima kwotabeki wa chuo kabla ya drafti bila kudanganywa na mkono

Wakuu salaam. Kila mwaka ikifika Aprili, NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, wakianza kugawana vijana wa vyuo (ndiyo drafti), kwa kinyozi hapakaliki, huyu anasema kwotabeki fulani, yaani yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, atakuwa moto yule anabisha, na ukiuliza sababu unajibiwa "wewe hujauona mkono wake?" Siwacheki, maana na mimi nilikuwa hivyohivyo. 2021 nilimkomalia Zach Wilson wa BYU mpaka nikawekeana dau na jamaa ninaokaa nao, na ukweli ni kwamba nilichokuwa nimekiona ni pasi moja tu, ile ya siku ya maonyesho chuoni kwake, anakimbilia kushoto halafu anaurusha mpira mbali kabisa kama anarusha jiwe la manati. Timu ya Jets ikamchukua namba 2. Yaliyofuata mnayajua, hakufika popote. Nilipika pilau ya watu tisa kwa hela yangu.

Tangu hapo naangalia hivi.

Hatua ya 1: Mkono weka pembeni kwanza. Sio kwamba hauna maana, ila wote wanaofika kwenye drafti mkono wanao. JaMarcus Russell wa LSU alichukuliwa namba 1 mwaka 2007, mkono ule haujawahi kuonekana, akaanza mechi 25 akashinda 7 na ligi ikamalizana naye. Tom Brady, aliyekuja kuwa bingwa mara saba, kwenye majaribio alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.28, hata mimi siku ya kuchelewa basi nakaribia hapo, akachukuliwa wa 199.

Hatua ya 2: Tafuta mechi nzima, achana na hailaiti, vile vipande vya matukio mazuri tu. Hailaiti ni kama picha za harusi, kila mtu kapendeza. Chagua mechi tatu: ile aliyokutana na difensi ngumu kuliko zote, moja ya ugenini na moja aliyofungwa. Halafu usiangalie yote, utachoka. Andika kila dauni ya tatu ambayo bado anadaiwa yadi 7 au zaidi. Kwa wageni, timu inapewa majaribio manne kupata yadi 10, na la nne wengi wanapiga mpira mbali tu, kwa hiyo ikifika la tatu na yadi ni nyingi uwanja mzima unajua hapa inarushwa pasi, difensi inakuja na kila ilichonacho. Hapo hakuna wa kumficha.

Hatua ya 3: Macho na miguu. Hii ndiyo somo lenyewe, nyingine zote ni chumvi. Mimi naweka laptopu mezani, nafunika upande wa marisiva, wale wadakaji wa pasi, kwa kiganja, nabaki na kwotabeki peke yake. Snepu ikitoka, yaani mpira ukirudishwa kwake kuanza pleyi, nahesabu moja, mbili, tatu. Helmeti inageukia wapi? Kuna wale wanaomkodolea macho risiva wa kwanza tangu mwanzo, beki wa nyuma anasoma macho tu anakuja kuuchukua mpira kama wake. Kuna wengine presha ikifika macho yanashuka, anaanza kuwaangalia majitu yanayomjia badala ya uwanja, akishafanya hivyo pleyi imekufa hata kama hajaangushwa. Unayemtaka ni yule anayesogea hatua mbili ndogo ndani ya poketi, ile nafasi wenzake wanayomlindia, kichwa bado kiko juu, miguu inapiga vihatua vifupi chini yake, anatoka kwa risiva wa kwanza anaenda wa pili anaenda wa tatu. Kisha bila kutoa kiganja bashiri: imefika au haijafika? Ukiona unabashiri sawa mara nyingi ujue umeanza kumsoma.

Mfano, C.J. Stroud wa Ohio State. Watu walisema huyu poketi ikivunjika hana kitu. Ikaja mechi na Georgia, Desemba 31, 2022, difensi ya kutisha, akatoka poketi akahangaika nao vizuri tu, pasi za yadi 348 na tachidauni 4 (kila moja pointi 6). Walifungwa 42-41. Mechi ya kufungwa, lakini ndiyo iliyonifanya nimwamini.

Hatua ya 4: Mtenganishe na mfumo wa chuo. Mpira wa chuo na wa NFL sio mchezo mmoja kama watu wanavyodhani. Alama za katikati, pale mpira unapowekwa kila pleyi, chuoni zimeachana futi 40, NFL ni futi 18 na inchi 6. Maana yake chuoni pleyi nyingi zinaanzia upande mmoja na upande wa pili unabaki shamba zima la kukimbilia, ila huku juu mpira uko karibu na katikati na nafasi zinabana. Lainimeni, yale majitu ya mbele yanayomkinga kwotabeki, nao chuoni wanaruhusiwa kusogea mbele yadi 3 kabla ya pasi kutoka, NFL yadi 1, kwa hiyo zile pleyi za kumzuga beki asijue ni pasi au ni mbio chuoni zinakuwa rahisi sana. Chukua takwimu zake, toa pasi zote zinazodakwa nyuma ya mstari wa kuanzia pleyi, angalia kinachobaki. Ila usizidishe. Patrick Mahomes, bingwa wa Kansas City, naye alitoka Texas Tech, wakasema ni mfumo tu.

Hatua ya 5: Amecheza mechi ngapi? Mitchell Trubisky alianza mechi 13 tu North Carolina, Bears wakamchukua namba 2 mwaka 2017, Mahomes bado yupo anasubiri mpaka namba 10, na Trubisky hakung'ara. Brock Purdy alianza mechi zaidi ya 40 pale Iowa State akachukuliwa wa mwisho kabisa 2022, namba 262, akaja kuifikisha timu yake fainali.

Urefu siuhesabu hatua. Drew Brees futi 6, Russell Wilson hazifiki, wote wana pete za ubingwa.

Hatua ya 6: Anaenda kwa nani. Hili linaniuma kwa sababu huwezi kulijua mpaka usiku wa drafti. Mahomes alikaa benchi nyuma ya mkongwe Alex Smith mwaka mzima, akaanza mechi moja. Sam Darnold alitupwa uwanjani Jets akiwa na miaka 21, watu wakamzika, 2024 akiwa Minnesota akashinda mechi 14. Mtu yuleyule. Sasa hapo nani alimkosea nani?

MASWALI

Mkuu, Josh Allen, kwotabeki wa Buffalo, unamweka wapi? Wyoming pasi zake zilikuwa zinafika asilimia 56 tu.
Umenishika pabaya. Allen ameniangusha kwenye hatua zote, mimi nilishasema hafiki popote. Alirekebishwa namna ya kuweka miguu akirusha, na mwaka wake wa tatu, 2020, akafika asilimia 69. Ila angalia na timu zilizochukua vijana wa namna yake zikitegemea muujiza uleule.

Ule mtihani wa maswali 50 kwa dakika 12 bado upo?
Kwenye majaribio ya vijana kabla ya drafti, yale ya Indianapolis, waliuacha 2022. Mtihani mwingine ukavuja 2023, Stroud akaonekana kafeli vibaya, msimu huohuo akawa mchezaji chipukizi bora wa ushambuliaji. Nadhani nimejibu.

Brady je? Timu zote zile zilikosa vipi, hakukuwa na dalili?
Ilikuwepo. Mechi ya Orange Bowl, Januari 1, 2000, chuo chake Michigan na Alabama, mara mbili wako nyuma kwa pointi 14, akarudisha zote mbili, yadi 369, tachidauni 4, wakashinda 35-34 muda wa nyongeza. Watu waliangalia mbavu zake kwenye picha ya majaribio wakaacha kuangalia mechi.

Niko Nairobi, vijana wetu wa raga hawawezi kujaribu hiyo nafasi?
Daniel Adongo alitoka kwenye raga akaingia Colts 2013, ila alicheza ulinzi. Ukwotabeki ni kusoma difensi, wenzetu wanaanza na miaka minane. Nafasi nyingine sawa, hii ngumu.

Pilau ilikuwa ya ng'ombe au mbuzi?
Mbuzi. Na kuna mmoja alikula akabeba na kontena.