Gofu Kwenye Uwanja wa Vilima

Uwanja mdogo wa vilima hauchoshi kwa urefu, unachosha miguu. Kanuni zinaruhusu fimbo 14, lakini hapa 8 zinatosha, na begi la mgongoni hupanda vizuri kuliko toroli.

Anza na hesabu ya mwinuko. Bendera ikiwa mita 120 mbele na grini (eneo la nyasi fupi lenye shimo) iko mita 10 juu yako, piga kama ni mita 130, yaani chukua fimbo moja ndefu zaidi. Wengi hupungukiwa hapa, na mpira uliopungua huviringika kurudi hadi karibu na walipoupigia. Grini ikiwa bondeni, punguza, ila kwa tahadhari: mpira hukaa hewani muda mrefu na upepo huupeleka utakako.

Shida yenyewe ni kusimama. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, mpira ulio juu ya nyayo huenda kushoto, basi lenga kulia na ushike fimbo sentimita 2 au 3 chini zaidi. Ulio chini ya nyayo huenda kulia. Kunja magoti, ubaki umeyakunja mpaka mpira uondoke. Ukiinuka katikati, utaukwangua kichwani tu.

Ukipiga kuelekea juu au chini ya mteremko, mabega yafuate ardhi na mpira ukae karibu na mguu ulio juu. Kuelekea juu, mpira hupaa sana na kufika karibu, kwa hiyo chukua fimbo ndefu zaidi. Kuelekea chini, hutoka chini-chini na kukimbia. Chukua fimbo ambayo uso wake umelala zaidi. Usizungushe fimbo kwa nguvu zote, robo tatu inatosha. Na usiikite nyuma ya mpira: ukiuviringisha, ni adhabu ya mkwaju mmoja na unaurudisha ulipokuwa.

Kwenye grini, bora mita 3 chini ya shimo kuliko mita 1 juu yake. Mpira wa kuteremka hupigwa taratibu, hivyo mwinamo huupinda zaidi. Usome mstari ukiwa umesimama upande wa chini.

Kilima kikificha grini, panda kwanza uhakikishe walio mbele wameondoka, kisha chagua mti wa kulengea. Ukihisi mpira umepotea, tangaza na upige wa akiba kabla hujaenda kuutafuta. Muda wa kutafuta ni dakika 3 tu.