Kupunguza mvumo katika kichujio cha besi

Somo hili nimewaandalia mafundi wenzangu wa Tabora wanaojiundia kichujio cha sabufa (saketi inayopitisha sauti za besi tu) kwa opampu, yaani aisi ya kukuza ishara, kisha spika ikawa inavuma hata muziki ukizimwa.

Hatua ya kwanza ni kutambua chanzo. Unganisha ingizo la kichujio na graundi (waya wa volti sifuri wa saketi) kwa kipande kifupi cha waya, kisha usikilize: mvumo ukikoma, ulikuwa ukiingia kwa waya wa ishara, ukibaki, unazaliwa ndani. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo mvumo wa hezi 50 aghalabu hudakwa kutoka kwenye transfoma, ilhali ule wa hezi 100 hutoka kwenye pawa saplai, baada ya diodi zinazogeuza umeme wa AC kuwa DC. Kichujio cha besi hakiwezi kuuondoa wowote kati ya hiyo, kwani iko ndani ya masafa yale yale kinayoyaruhusu kupita. Ndiyo maana sioni faida ya kukimbilia kununua opampu ghali.

Hatua ya pili, nayo ndiyo kubwa, ni graundi. Nyaya zake zote zikutane mahali pamoja, karibu na kapasita kubwa za pawa saplai, na mkondo unaozichaji kapasita hizo usipite katika waya unaorudisha ishara.

Hatua ya tatu: weka kapasita ya nanofaradi 100 kati ya kila pini ya umeme ya aisi na graundi, kwa miguu mifupi.

Hatua ya nne: punguza ukinzani. Rezista ya kiloomu 100 na kapasita ya nanofaradi 15 hukata kwenye hezi 106 hivi, yaani sauti za juu ya hapo huanza kupunguzwa. Kiloomu 10 na nanofaradi 150 hukata hapo hapo, lakini kelele ya rezista yenyewe hupungua takriban mara tatu, na saketi haidaki mvumo kirahisi.

Maswali ya wanachama

*Nzega:* Shikamoo mwalimu. Nikigusa mwili wa volyumu, mvumo hupungua. Kwa nini?

Marahaba. Mwili huo haujafungwa graundi, ulehemu waya.

*Urambo:* Je, naweza kukata waya wa ethi (wa ardhini) kwenye plagi ili mvumo ukome?

La hasha. Waya huo ndio kinga yako iwapo umeme utagusa kasha. Badala yake, tumia transfoma ndogo ya sauti kwenye waya wa ishara baina ya vifaa viwili.

*Igunga:* Nina kapasita za kauri tu. Zinafaa?

Kwenye pini za umeme, ndiyo. Kwenye njia ya ishara tafuta za plastiki, kwa sababu kauri nyingi za thamani kubwa huzalisha volti zikitikiswa, na ndani ya kasha la sabufa kila kitu hutikisika.