Somo: Kujenga wasifu wa kikazi mtandaoni ukiwa bado chuoni

Wakati mzuri wa kufungua akaunti ya LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, ni mwaka wa pili, kabla hujaenda fildi (mafunzo kwa vitendo) ya kwanza. Wengi husubiri hadi mahafali yanapokaribia, wanajaza kila kitu usiku mmoja, na wanaishia kuandika maneno yaleyale aliyoandika kila mtu. Mimi hupokea wanafunzi wa fildi ofisini na husoma wasifu wao kabla hawajafika. Ninachotafuta ni kimoja tu: je, mstari huu, nikimuuliza aliyeuandika, ataweza kuuzungumzia dakika mbili bila kubabaika? Pimia hapo kila hatua ya somo hili.

Hatua ya 1: Jina na picha
Tumia majina yaliyo kwenye vyeti vyako, kwa mpangilio uleule. Picha ya simu inatosha. Simama mchana mbele ya dirisha, mwanga ukuangukie usoni, na mwenzako akupige ukiwa umevaa nguo safi unayoivaa siku ya kuwasilisha kazi darasani. Joho liache mpaka uhitimu.

Hatua ya 2: Mstari ulio chini ya jina
LinkedIn inakupa herufi 220, na huu ndio mstari unaosomwa na watu wengi kuliko yote, maana hutokea kila unapotoa maoni au kutafutwa. “Kiongozi mwenye maono, mjasiriamali, mtaalamu wa fedha” kwa kijana wa mwaka wa pili humfanya msomaji apite. Andika hivi: “Mwanafunzi wa uhasibu, mwaka wa pili, Chuo Kikuu Mzumbe. Najifunza ukaguzi wa hesabu. Natafuta nafasi ya fildi.” Neno “mwanafunzi” halikupunguzii chochote. Linamwambia mwajiri akutarajie nini, na linawavuta wale wanaopenda kuwasaidia vijana walio masomoni.

Hatua ya 3: Fildi
Hapa ndipo penye mali, na ndipo wengi wanapopapita haraka. Mstari ninaokutana nao mara kwa mara ni huu: “Nilishiriki katika shughuli mbalimbali za idara ya fedha.” Shughuli zipi? Ulishiriki vipi?

Chukua logbuku yako, lile daftari la kumbukumbu za fildi. Ulilazimishwa kuijaza kila siku, basi sasa ikufae. Ndani yake utakuta mambo uliyoyaona madogo: kupanga vocha za malipo kwa mfuatano wa namba, kuangalia kama kila vocha ina saini zote na risiti yake, kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki mwisho wa mwezi. Basi andika: “Nilipanga na kuhakiki vocha za malipo, nikalinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, na kuorodhesha tofauti kwa ajili ya mhasibu.” Mhasibu yeyote akisoma hapo anajua umeshika nini. Sehemu ya mwisho, “kwa ajili ya mhasibu”, usiiondoe, maana inaonyesha kazi yako iliishia wapi na ya mwenzako ilianzia wapi. Ukiandika kwamba ulifunga hesabu za mwezi wewe mwenyewe, swali la pili tu kwenye usaili litakuumbua.

Kama una idadi uliyoihesabu kweli, iweke. Kama huna, usiibuni. Na tafadhali, usipige picha nyaraka za ofisi ukazipandisha kama ushahidi. Vocha ina majina na akaunti za watu, na Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022.

Hatua ya 4: Ushahidi wa kazi zako
Anayesoma kompyuta aweke programu zake GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kuonyesha programu, hata ndogo, pamoja na maelezo mafupi ya namna ya kuziendesha. Wengine mnaweza kuweka ripoti ya PDF, mchoro, au mafaili ya Excel yenye takwimu za mazoezi. Kazi ya kikundi iiteni kazi ya kikundi: “Tulikuwa watano, mimi nilichambua madodoso na kuandika sura ya matokeo.” Wenzako wa kikundi nao wana akaunti, na watasoma.

Hatua ya 5: Maelezo kuhusu wewe
Aya mbili zinatosha: unasoma nini na kwa nini somo hilo limekushika, umeshafanya nini, unatafuta nini. Najua wengi mnaandikiwa na akili mnemba. Itumie kusahihisha lugha kama unataka, lakini andika rasimu ya kwanza mwenyewe. Nikisoma wasifu wa vijana kumi wa darasa moja nikakuta wote “wana shauku ya kuleta mabadiliko chanya”, sijamjua hata mmoja.

Hatua ya 6: Watu
Anza na unaowajua: wanadarasa, wahadhiri, msimamizi wako wa fildi. Kwa usiyemjua, ambatanisha ujumbe mfupi wenye salamu, jina la chuo chako na sababu ya kumtafuta. Ushuhuda wa msimamizi uombe wiki ya mwisho ya fildi, angali anakukumbuka, na mkumbushe kwa adabu kazi mbili ulizofanya chini yake.

Hatua ya 7: Ya kubaki nayo mwenyewe
Usiweke picha za vyeti, namba ya simu kwa kila mtu, wala namba ya NIDA. Hiyo ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Anayeipata ana zaidi ya namba.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada, shikamoo. GPA yangu ni 2.8. Niiweke au niiache?
Marahaba mdogo wangu. Hulazimiki kuiweka. Wenye 3.5 kwenda juu huiweka kwa sababu inawasaidia. Wewe tanguliza kazi ulizofanya. Usichopaswa kufanya ni kuiongeza, maana matokeo yako yataombwa siku moja. Na mwajiri akiuliza, itaje wazi, kisha muonyeshe kazi zako.

Sijaenda fildi bado. Nilichowahi kufanya ni kumsaidia mama kwenye duka letu la rejareja.
Andika, tena kwa heshima zote. “Msaidizi, duka la familia”, na miaka yake. Ulikuwa unahesabu mauzo jioni? Unaandika madeni ya wateja? Unafuata mzigo kwa wauzaji wa jumla? Yote hayo ni kazi. Usijiite mkurugenzi mtendaji tu.

Niandike kwa Kiswahili au Kiingereza?
Waajiri wengi wa ofisini hapa nchini wanasoma maombi kwa Kiingereza, kwa hiyo andika Kiingereza chepesi, kile unachoweza kukizungumza kwenye usaili. Ila kwenye orodha ya lugha usisahau Kiswahili. Nashangaa wengi wanakiruka kana kwamba kila mtu anacho. Umoja wa Afrika ulikipitisha kuwa lugha ya kazi mwaka 2022, na mashirika ya kikanda yanahitaji watu wanaokiandika vizuri.

Mimi ni mpole, siwezi kuandika posti kila siku. Nitaonekana?
Hulazimiki kuandika kila siku. Toa maoni yenye maana kwenye posti ya mtu wa fani yako pale una la kusema. Kumbuka tu kwamba maoni unayotoa huonekana kwenye wasifu wako, hata yale ya kubishana mpira usiku.

Kuna mtu amenitumia ujumbe, anasema wasifu wangu umechaguliwa na nitume elfu hamsini ya usajili kabla ya usaili.
Usitume. Anayekuajiri hakuombi hela ya usajili wala ya usaili. Piga picha ya skrini, ripoti akaunti yake hapohapo LinkedIn, kisha mzuie. Kama ulishampa namba ya NIDA au nywila yoyote, badilisha nywila leo, na hela ikiwa imeshatoka, piga simu kwa mtandao wako wa simu kabla ya yote.