Kuitoa protini ya mkojo na kuipima kwa C1q, protini ya kinga ya damuni, bila kudanganywa na rangi

Anza na lita moja ya mkojo wa asubuhi, ule wa kwanza kabisa. Mimi nilichangisha: wangu mwenyewe na wa vijana wawili wa maabara, kwenye chupa za maji za lita moja na nusu. Mlinzi wa getini hadi leo hanisalimii bila kucheka. Asiwepo mwenye UTI wala aliye kwenye siku zake. Mkojo wenye damu au usaha umeshabeba kingamwili na komplimenti (kundi la protini za kinga za damuni), utakuwa umeharibu kazi kabla hujaianza.

Tunachokitafuta ni uromodulini, ambayo wakongwe bado wanaiita protini ya Tamm-Horsfall. Igor Tamm na Frank Horsfall waliieleza mwaka 1950 wakiwa taasisi ya utafiti ya Rockefeller, New York. Walikuwa wakifuatilia kitu cha kwenye mkojo kinachozuia virusi vya mafua kugandisha chembe nyekundu za damu. Figo huitengeneza kwenye mkono mnene unaopanda wa kitanzi cha Henle, na kwa mtu mwenye afya hakuna protini nyingine iliyo nyingi kama hiyo mkojoni. Kwa hiyo mashine za ajabu huzihitaji, njia yao ya kuitua kwa chumvi inatosha.

Pima gramu 34 za kloridi ya sodiamu kwa kila lita, ndiyo molari 0.58. Mimina polepole huku unakoroga, funika, laza kwenye jokofu la nyuzi 4 hadi kesho. Asubuhi utakuta wingu limetuama chini. Zungusha kwenye sentrifuji, mwaga maji ya juu, kisha osha mashapo kwa maji yenye chumvi kiasi kilekile. Hapo yaguse kwa ncha ya pipeti uvute: yanakuja na uzi, kama mlenda. Nikiuona ule uzi moyo unatulia, maana molekuli za uromodulini hushikana zikawa nyuzi ndefu, na hicho ndicho unachokivuta.

Yachanganye na maji yaliyokenekwa, tia kwenye mfuko wa dayalisisi (unaopitisha chumvi na kubakiza protini), badilisha maji ya nje mara kadhaa kwa siku mbili, yote kwenye baridi. Chumvi ikitoka, mlenda unafunguka. Usiharakishe hapa. Niliwahi kukatisha siku ya kwanza kwa sababu ya foleni ya sentrifuji, nikaishia na mabonge yaliyoziba pipeti zote.

Sasa C1q. Hii ndiyo inayofungua njia ya klasiki ya komplimenti: vichwa 6 vimechanua juu ya shina moja kama kishada cha maua, uzito karibu kilodaltoni 460. Vichwa vikidaka kingamwili zilizokwishamnasa adui, vimeng'enya vyake C1r na C1s vinaamka, vinakata protini nyingine za komplimenti, C4 na C2, mpaka zamu inafika kwa C3. Kwa ukubwa huo haipiti kwenye chujio la figo likiwa zima. Chujio likianza kuvuja ndipo inapoweza kukutana na uromodulini. Vipimo vilivyochapishwa vimeonyesha kwamba zikikutana zinashikana, tena kwa nguvu. Wewe unataka kuliona hilo kwenye sahani yako.

Chukua sahani ya ELISA (kipimo kinachoonyesha kwa rangi kilichoshikana) ya vishimo 96. Paka uromodulini, mikrogramu 5 kwa mililita, mikrolita 100 kila kishimo, ulaze usiku kucha kwenye baridi. Osha mara tatu kwa bafa (maji ya chumvi yasiyobadilika asidi) yenye sabuni ya Tween 20 asilimia 0.05, ziba nafasi zilizobaki kwa albumini ya ng'ombe asilimia 1. Weka C1q safi ya kununua, anza na mikrogramu 10 kwa mililita ukipunguza nusu kwa nusu, saa moja. Osha tena. Kisha kingamwili dhidi ya C1q iliyofungwa peroksidezi, kimeng'enya cha kutoa rangi, halafu TMB, kemikali inayogeuzwa rangi nacho. Ikigeuka bluu, simamisha kwa asidi, itakuwa njano, soma kwenye nanomita 450.

Mara yangu ya kwanza sahani nzima ilibaki nyeupe. Nilikaa wiki nzima nikiilaumu C1q, kumbe bafa ya kuoshea ilikuwa na azidi ya sodiamu, tuliyoiweka isiote ukungu, na azidi inaua peroksidezi. Soma lebo ya kila chupa, mdogo wangu, hata uliyoitengeneza mwenyewe.

Mara ya pili rangi ilikuja nzuri mno, na hiyo ndiyo hatari kubwa zaidi. Uromodulini hushika pia IgG, aina ya kingamwili, na kudaka IgG iliyorundikana ndiyo kazi ya C1q. Mashapo yako yakibeba IgG ya mkojoni, C1q itaketi juu ya IgG nawe utasema imeketi juu ya uromodulini. Kwa hiyo tenga vishimo vya uromodulini visivyotiwa C1q, uvipime kwa kingamwili dhidi ya IgG ya binadamu. Vikitoa rangi, rudisha sampuli kwenye shanga za protini G, zinazonasa IgG, uanze upya. Tenga pia vishimo vyenye albumini peke yake, kwa sababu C1q ina tabia ya kunata kwenye plastiki.

Halafu chumvi, kwa mara nyingine. Rudia sahani yenye bafa ya chumvi kidogo, milimola 10 hivi, na nyingine ya milimola 154, ambayo ndiyo ile ya dripu, gramu 9 kwa lita. Kwenye chumvi kidogo chaji za umeme huvutana na karibu kila kitu kinaonekana kushikana. Mimi siamini mstari wowote wa grafu ya rangi usiosimama kwenye milimola 154. Wangu ulishuka, lakini haukufa, na vishimo vya albumini vilikuwa vimeshanyamaza.

Ukifika hapo, sahani inayofuata iwe ya faktari H, ile breki ya komplimenti inayomsaidia faktari I kukata C3b, kipande cha C3. Nayo imeonekana kushikwa na uromodulini, na hapo wazo kwamba protini hii hutuliza komplimenti ndani ya mirija ya figo linapata mashiko zaidi. Hatua ni zilezile, badilisha tu kingamwili ya mwisho.

Uromodulini iliyobaki igawe kwenye vichupa vidogo kabla ya kuigandisha, kila kichupa kwa sahani moja. Ukiigandisha na kuiyeyusha mara kwa mara inajikusanya, na utarudi kwenye mabonge.